Sauti Yangu Ndani ya Wimbo Wake

"Wimbo huu ukitoka vizuri, Alhamisi naenda nikakatwe," Harlan aliniambia kwa mnong'ono. "Usipotoka, siendi. Na usianze kulia, Dessa. Nimeshaapa."

"Umemwapia nani?"

"Nimejiapia mwenyewe."

"Basi kiapo chako baki nacho mwenyewe, mimi sikitambui."

Alitabasamu, akaniwekea kidole midomoni. Mikono yake ilikuwa ya moto, kama mwenye homa. Daktari alikuwa amemkataza kusema kwa wiki tatu, hata kunong'ona, na yeye alikuwa ametii kuliko nilivyotarajia. Mambo yake yote alikuwa akiyaandika kwenye vipande vya karatasi na kunirushia mezani kama mtoto wa shule. Kwa hiyo kila neno alilonipa asubuhi ile lilikuwa linachotwa kwenye akiba, nami nilijua amechota mengi kuliko alivyopaswa.

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma za studio ya Bi Verlene Stokes, kusini mwa Memphis, Jumanne ya mwanzo wa Agosti mwaka sitini na sita. Saa nne asubuhi na tayari shati lilikuwa limemganda mgongoni. Kwenye mfuko wa shati hilo kulikuwa na karatasi ya njano iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya hospitali. Kabla ya saa kumi jioni ilipaswa iwe imetiwa sahihi na kurudishwa, la sivyo kitanda chake, ambacho tulikipata kwa mbinde, angepewa mgonjwa mwingine.

Uvimbe ulikuwa kooni, juu kidogo ya pale vifungo vya shati vinapoishia. Daktari alisema waziwazi: wakiukata wataondoa koromeo lote, ataishi, ila sauti basi. Wasipoukata, Krismasi ataisikia kwa mbali.

"Harlan Gaines," nilimwambia, "mimi nataka mtu. Sauti nimeshaisikia. Nataka mtu wa kukaa naye barazani tukizeeka, anirushie maganda ya karanga. Hutaki?"

Alinitazama muda mrefu. Macho ya Harlan yalikuwa na tabia mbaya ya kukujibu kabla hujamaliza swali, halafu yakakuacha unahangaika kutafuta limejibiwa nini. Miaka miwili nilikuwa nikipendana na mwanamume huyu na hajawahi hata siku moja kunitamkia kwamba ananipenda. Mapenzi yake aliyaimbia watu wote wa Tennessee, mimi akanipa yale macho.

"Nataka," alisema mwishowe. "Lakini nataka kwanza niache kitu kimoja ambacho hakitapotea bure."

"Una santuri tatu!"

"Nilikuwa najifunza."

Mlango ukafunguliwa nyuma yetu. Bi Verlene alisimama pale na miwani yake kwenye paji la uso, mama wa makamo, mfupi, mpana, na mwenye mdomo ambao hata mashemasi waliuogopa. Mbele ya jengo lile alikuwa na duka la santuri. Nyuma, pale palipokuwa na dobi zamani, alikuwa na studio ya chumba kimoja, na bado siku za joto kuta zilikuwa zinatoa harufu ya wanga wa nguo.

"Nyie njiwa wawili," alisema, "mashine imeshapata moto na mimi mwenyewe ndiyo hivyo hivyo. Mnaingia au niwaletee mto na shuka hapo ngazini?"

Niliinuka nikapangusa gauni. Baba alikuwa anajua kwamba Jumanne asubuhi naenda kumfundisha kinanda binti wa Bi Hattie Coles.

*

Lazima niseme kuhusu baba, maana bila yeye habari hii haina uchungu wake wote.

Mchungaji Amos Pruitt ndiye aliyembatiza Harlan, na ndiye aliyemsimamisha mbele ya kwaya akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Na Harlan alipotoa santuri yake ya kwanza ya nyimbo za kidunia, za mwanamume kumlilia mwanamke, baba ndiye aliyemwambia ashuke kwenye kwaya. Alilia akimwambia. Nilimwona. Hakuwa mtu katili, na wakati mwingine natamani angekuwa, ningemchukia nikapumzika.

Jumapili iliyotangulia, tukila mchana baada ya ibada, mimi na yeye peke yetu, alikuwa ameweka uma chini.

"Nasikia Ndugu Gaines anaumwa koo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kuna wanaosema Mungu amemwadhibu. Mimi sisemi hivyo. Usije ukasikia nimesema hivyo."

"Ndiyo, baba."

"Kila asubuhi namwombea kwa jina." Alikata kipande cha mkate wa mahindi akakiacha bila kukila. "Lakini wewe ni mpiga kinanda wa nyumba ya Bwana, Odessa. Mikono hiyo mama yako aliiweka wakfu kabla hajafa. Siku nitakayojua kwamba umeitia kwenye zile nyimbo, au kwamba umemtia yule mtu moyoni mwako, siku hiyo usirudi kulala hapa. Sitapiga kelele. Nitaweka sanduku lako barazani, basi."

"Na nikishakuwa nimemtia?" Hilo nilitamani kuuliza. Badala yake nilisema, "Kuku atapoa, baba."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na nilimwogopa baba yangu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimepiga kinanda kwenye kila santuri ya Harlan, na jina langu halikuandikwa popote. Bi Verlene ndiye aliyenishawishi. "Mikono haina sura, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza. "Nani atakutambua kwa vidole?" Na kweli, hakuna aliyenitambua.

*

Ndani tulikuwa watano tu. Skeet kwenye ngoma, mtoto wa shemasi, mtu wa utani asiyenyamaza. Ndugu wawili wa gitaa na besi, ambao hawakusema kitu maisha yao yote. Mimi kwenye kinanda, ukutani. Na Harlan katikati, mbele ya kipaza sauti, hatua tatu kutoka kwangu, mgongo wake ukinitazama. Bi Verlene alikuwa nyuma ya kioo na mashine yake. Siku zile hapakuwa na kuimba vipande vipande halafu kuviunganisha. Mlipiga wote kwa pamoja, kanda ikizunguka, na mtu mmoja akikosea, mlianza upya wote.

"Sasa nisikilizeni," sauti ya Bi Verlene ilikuja kwenye spika. "Sina sala ya kufungulia, Mchungaji hayupo. Harlan, una nyimbo ngapi kooni?"

Harlan aliinua vidole viwili.

"Mbili?"

Akakunja kimoja, akakibakiza kimoja, akatikisa mkono. Labda moja na nusu.

"Basi hakuna mazoezi," alisema Bi Verlene. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake haina mzaha.

"Mama yangu aliniambia nisomee kufuga nyuki," alisema Skeet akikaza ngoma yake. "Leo ningekuwa na nyuki wangu huko, nafsi yangu imetulia."

Hakuna aliyecheka. Harlan aligeuka akanitazama, na yale macho yalinijibu tena swali ambalo sikuwa nimeuliza. Kisha akageukia kipaza sauti.

Wimbo wenyewe ulikuwa mdogo. Mtu anamwomba mkewe asizime taa ya barazani. Yuko mbali, atachelewa, lakini atakuja. Basi. Alikuwa ameuandika kwa penseli kwenye bahasha ya hospitali, siku aliyotoka kwa daktari, na mimi niliutafutia mwendo wake wa kinanda kanisani, mchana mmoja wa Alhamisi, milango imefungwa, nikisikiliza kama kuna hatua za baba.

Mara ya kwanza tulifika ubeti wa pili. Sauti ilipasuka kama kitambaa kikuukuu, akakohoa, akaziba mdomo kwa leso, akaikunja upesi na kuitia mfukoni. Niliona. Skeet naye aliiona ile damu, akainamisha kichwa.

"Inatosha," nilisema nikiinuka. "Bi Verlene, inatosha, zima hiyo mashine. Harlan, tafadhali. Nakuomba."

Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja kikiwa kimefunguliwa, akinionyesha kiti. Kaa.

Nilikaa. Mungu anisamehe, nilikaa.

Akainua kidole kimoja. Skeet akahesabu.

Siwezi kueleza kilichotoka mara ile ya pili. Watu wamejaribu, wameandika hata vitabu, nami nimevisoma nikavirudisha kabatini. Sauti ilikuwa imechakaa, imebaki nusu, na nusu hiyo ilikuwa na ukweli ambao ile nzima haikuwahi kuwa nao. Hakuwa anaimba kwa uzuri tena. Alikuwa anaomba. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, nikaanza kuamini. Nilianza hata kumwona Alhamisi kitandani, amepona, nikimwona barazani na maganda ya karanga.

Ubeti wa tatu aliimba, "Usizime taa, mama, nitachelewa, lakini..."

Ikakatika.

Hapakuwa na kitu. Midomo yake ilikuwa wazi, mabega yamepanda, shingo imetutumka mishipa, na hakuna kilichotoka. Kwa desturi ya studio, pale ndipo tunapoacha. Mmoja anaondoa mikono, wote wanaondoa, mnaanza upya. Ila hapakuwa na upya. Kidole kile kimoja kilikuwa kimekwisha.

Mimi nimelelewa kanisani. Kwetu mtu akisimama mbele kuimba na machozi yakamkaba, hakuna anayeacha. Mpiga kinanda anashikilia pale pale alipo, anamtandikia sauti chini ya miguu yake, na watu wanamjibu kwa kinywa, wanamngoja, wanamwambia achukue muda wake, mpaka aweze. Nimefanya hivyo tangu miguu yangu haijafika chini kwenye kiti cha kinanda. Sikufikiri. Vidole vilikaa pale pale, na mdomo wangu ukafunguka, kwa sauti ya juu, mbele ya kipaza sauti kilicho hai:

"Taratibu, mpenzi wangu. Taratibu. Hatuna haraka."

Na Skeet, mtoto wa shemasi, hakuacha. Alipunguza akagonga polepole, mara nne, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

Harlan alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, yenye mkwaruzo na kilio ndani yake, ikapanda na kupanda, na kileleni mwake akaimba, "...nitakuja."

Akaumaliza wimbo wote.

*

Tulikaa kimya mpaka mlio wa mwisho wa besi ulipokufa. Kisha spika ikakwaruza.

"Nani aliyesema?" aliuliza Bi Verlene. Alikuwa anajua. Alikuwa ananitazama kupitia kioo.

Hapo ndipo nilipokisikia nilichosema. Maneno yangu yalinirudia masikioni moja moja, na la pili lilikuwa zito kuliko yote. Kanisani tunasema, "taratibu, ndugu." Tunasema, "taratibu, mwanangu." Mimi nilisema mpenzi wangu. Nilikuwa nimeharibu wimbo wa mwisho wa mtu aliyeapa kwamba ukiharibika atakufa.

Sikumtazama Harlan. Niliangusha kiti, nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Uani kulikuwa bado na nyaya za dobi zimetundikwa, hazina nguo. Nilishika waya mmoja kwa mikono miwili nikalia. Nilimlaumu Harlan na kiapo chake cha kijinga. Nilimlaumu baba. Nilimlaumu mama kwa kunifundisha kinanda, na wazee wote wa kanisa walionizoesha kujibu. Nilihesabu miezi mpaka Krismasi kwenye vidole nikaona havijai hata mkono mmoja.

"Ukimaliza kuning'inia hapo uniambie," Bi Verlene alisema nyuma yangu. "Huo waya ni wa mwaka arobaini na mbili."

"Nimemuua."

"Hujamuua mtu. Futa pua."

"Kata, Bi Verlene! Nakuomba. Kata pale niliposema, bakiza yeye."

"Nimeshajaribu kupasikiliza mara tatu." Alishusha miwani machoni, akaivua, akaivaa tena. "Maneno yako yamekaa juu ya ile pumzi yake. Nikikukata wewe, nakata pumzi. Na nikikata pumzi, mwanangu, pale hakuna wimbo, kuna mtu amesahau maneno."

"Basi arudie."

"Arudie na nini? Nimeiona ile leso."

Kwa mbali, dukani mbele, msichana wake wa kuuza alikuwa ameweka santuri ya mtu mwingine, wimbo wa furaha, na nilitamani kwenda kuivunja.

"Harlan amesemaje?" niliuliza.

Bi Verlene alichelewa kujibu. Wakati huo nilidhani anatafuta namna ya kunipa habari mbaya.

"Amesema ni mzuri," alisema. "Amesema ndio alioutaka. Lakini amesema pia uulizwe wewe, kwa sababu ni nyumba ya baba yako inayoungua, si yake. Redio zitaupiga huu. Baba yako atakwenda kunyolewa, atakaa kwenye kiti, na atakusikia. Mikono haina sura, nilikwambia. Sauti inayo."

"Na nikisema utupwe?"

"Utatupwa. Mimi mwenyewe nitaifuta kanda mbele yako."

"Naye?"

"Unakijua kiapo chake kuliko mimi."

Nilifikiri juu ya sanduku langu la kahawia lenye kufuli iliyoharibika. Nilifikiri juu ya chumba changu, picha ya mama, na baba akila peke yake meza ya watu wawili. Nimesikia watu wakisema mapenzi hayachagui. Uongo. Nilichagua, na niliumia nikichagua, na mpaka leo sehemu ile inauma hali ya hewa ikibadilika.

"Utoe," nilisema.

"Odessa, ukishatoka haurudi."

"Nimesema utoe! Na usiguse kitu. Mwache na pumzi yake, niache na ujinga wangu. Utoe."

Mlango ulifunguka tena na Harlan akatoka juani. Alikuwa na rangi ya majivu. Alinijia polepole, akasimama mbele yangu, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka, hata mnong'ono. Sauti ilikuwa imekwisha. Alitikisa kichwa akicheka bila sauti, kana kwamba amegeuza mfuko nje kunionyesha hauna kitu.

Halafu akatoa ile karatasi ya njano. Ilikuwa imelowa jasho. Chini kabisa, kwa penseli ileile ya wimbo, alikuwa ameandika jina lake.

"Umetia sahihi saa ngapi?" nilimuuliza. "Kabla hujajua nitasema nini, au baada?"

Alinitazama tu na yale macho yake. Nikampiga kifuani kwa ngumi mbili, nikamkumbatia, naye akanishika kichwa kwa mikono yote miwili akiwa amesimama kati ya nyaya zile tupu.

Tulipeleka karatasi saa tisa na nusu.

*

Santuri ilitoka wiki ya tatu ya Septemba. Baba aliusikia wimbo palepale Bi Verlene aliposema, kwenye kiti cha kinyozi, povu likiwa shavuni. Aliinuka akaja nyumbani na nusu ya ndevu.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, baba."

"Yale maneno ni ya kanisani. Tunamwambia mtu anayelia mbele za Bwana. Ukayapeleka kule."

"Alikuwa anazama, baba. Ningeyapeleka wapi?"

Hakupiga kelele, alivyoahidi. Sanduku aliliweka barazani mwenyewe, akalifunga kwa kamba kwa sababu ya ile kufuli. Aliishi miaka mingine sita, nikimpelekea barua kila Pasaka. Hakujibu hata moja.

Harlan Gaines aliimba kwa miezi kumi na sita na akatoa santuri nne. Aliishi bila sauti miaka tisa, na tundu shingoni, na kibao cha shule cha kuandikia magotini. Alinioa, alinirushia maganda ya karanga. Aliandika utani mbaya kwenye kile kibao. Aliandika hata nakupenda, mara nyingi, na kila mara nilikisoma kibao nikacheka, nikakifuta ili aandike tunakula nini. Nilikuwa mtu wa masikio. Kusoma hakukunitosha, na sikuwahi kumwambia.

Wakati huo wote ule wimbo ulikuwa unazunguka bila sisi. Vijana wa Detroit, wa Chicago, wa ng'ambo huko, walianza kukatisha nyimbo zao mahali palepale, ubeti wa tatu, wakavuta pumzi yenye mkwaruzo, na msichana nyuma akawaambia taratibu, mpenzi wangu. Wengine waliandikiwa kabisa kwenye karatasi wapumzike hapo mapigo manne. Harlan alikuwa akiwasikia redioni anashika koo lake na kuniandikia: *Huyu haumwi chochote.*

Alikufa Machi, usingizini. Mwezi mmoja baada ya maziko Bi Verlene alinipigia simu, anafunga duka, niende nikachukue vitu vyetu. Nilimkuta mchana amekaa peke yake kwenye studio tupu, amezeeka, kanda moja ikiwa tayari kwenye mashine.

"Nilimwapia nisikuchezee akiwa hai," alisema. "Siku ile ulipokimbia, mashine ilikuwa bado inazunguka."

Akabonyeza.

Nilisikia besi ikifa. Nilisikia sauti yake kwenye spika ikiuliza nani aliyesema, na kiti changu kikianguka, na mlango. Kisha hatua, mtu akikaribia kipaza sauti, na sauti niliyokuwa nimeizika miaka tisa kabla ya kumzika mwenyewe, imebaki uzi tu.

"Usimkate, Bi Verlene. Muulize kwanza, ni nyumba ya baba yake. Lakini mimi naomba usimkate. Fomu nimeshaitia sahihi ndani ya gari asubuhi, nilikuwa namtisha tu ili aniache niimbe. Mwambie..."

Ikakatika. Kanda ilizunguka ikikwaruza polepole, hakuna kitu, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba kile chenye harufu ya wanga, nimekunja mikono, siwezi kuvumilia.

"Taratibu, mpenzi wangu," nilisema kwa sauti. "Taratibu. Hatuna haraka."

Akavuta pumzi. Ilikuwa ileile.

"Mwambie nampenda," alisema Harlan. "Hapana, usimwambie sasa. Ataamua kwa ajili yangu."

Kanda ikaishia hapo. Bi Verlene alikuwa analia kwenye miwani yake. Nilivuta kiti cha kinanda, kilichokuwa bado pale ukutani, nikakaa.

"Irudishe nyuma," nilimwambia.